Honazi na Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu
Mwaka 1921 Frank Aydelotte alishika uongozi wa Chuo cha Swarthmore, jimboni Pennsylvania, Marekani. Alikuwa amesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, na huko aliona kwamba mwanafunzi wa shahada ya kawaida na yule wa honazi hawakubebeshwa mzigo mmoja. (Honazi, ndugu msomaji, si ile shahada ya heshima tunayowavisha wakubwa, hii hupatikana kwa jasho.) Mwaka 1922 akaanzisha utaratibu wake. Aliyeingia honazi alisamehewa madarasa ya kawaida na mitihani yake. Badala yake alisoma katika semina ndogo, akiandika makala na kuyatetea mbele ya wenzake. Mwishoni alitahiniwa, kwa maandishi na kwa mdomo, na watahini kutoka nje ya chuo, hata mwalimu naye akawa kana kwamba yumo mtihanini.

Lenye uzito kwetu ni kwamba kazi hiyo yote ilianza mwaka wa tatu.

Tangu 1901, ilipoanzishwa Joliet Junior College huko Illinois, Marekani ilikuwa pia na njia ya vijana kusoma miaka miwili karibu na nyumbani, kwa gharama nafuu, kisha kuhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Nao walifika mwaka huohuo wa tatu. Mtu angedhani mlango wa honazi ungewafaa wao kuliko wote.

Haikuwa hivyo. Vyuo vikuu vya umma vilianza kuunda vyuo vya honazi ndani yake, Michigan State ikiwa na chake mwaka 1956, na kadiri miaka ilivyokwenda vingi vikawa vinawachagua vijana wangali sekondari. Masharti yakasogezwa hadi mwaka wa kwanza: semina za wanaoanza, idadi maalumu ya kozi, wastani wa alama, kisha tasnifu. Anayehamia hukuta kozi zake za awali zimepokelewa kwa shahada lakini mara nyingi hazihesabiwi kwa honazi. Vipo vyuo vinavyompunguzia kozi. Tasnifu haipunguzwi, nami sioni kosa hapo. Kosa naliona kwingine. Tasnifu huanza kwa kumpata msimamizi anayekufahamu. Wenzake wamekuwa na miaka miwili ya kubisha hodi kwenye ofisi za wahadhiri. Yeye hupewa muhula mmoja, pengine miwili.