Waliosikiliza Sauti Zetu: Kutoka Kibuyu cha Mganda hadi Kompyuta



Katika vijitabu vya namna hii tumezoea kuhesabu madarasa, zahanati, madaraja na visima. Ni vizuri, na kazi hiyo iendelee. Lakini iko mali nyingine ya nyumbani ambayo haijaingia kwenye hesabu zetu, nayo ni sauti: namna tunavyosema na namna tunavyoimba. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Makala hii inaeleza kwa kifupi nani wamewahi kuifungulia mali hii daftari, na kwa nini sasa zamu ni yetu.

Tuanze na kifaa tunachokijua sote. Aliyekulia Liuli, Mbamba Bay au Lituhi, au kule juu Litembo na Maguu, anaujua mganda: wanaume nadhifu waliopanga mistari, ngoma kubwa, na vibuyu mdomoni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha jinsi ngoma za mtindo wa kijeshi zilivyoenea Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na baada yake. Mganda ni wa ukoo huo, ndiyo maana una gwaride na vyeo.

Kibuyu chenyewe si tarumbeta. Mchezaji hapulizi, anaimba ndani yake. Tundu moja limezibwa kwa utando mwembamba, zamani utando wa buibui, na sauti ikipita utando hutetemeka. Wimbo unabaki na kimo kilekile, lakini unaongezewa mitetemo mingi ya juu, hivyo unavuma kama shaba na kusikika mbali. Leo wahandisi wa sauti hufanya kazi ya namna hiyo kwa mashine. Babu zetu waliifanya kwa kitu kilichoota shambani.

Wageni waliosikiliza kwanza walikuwa na sikio na kalamu tu. Mwaka 1909 Padri Häfliger, Mbenediktini, alitoa Ujerumani kamusi ya Kimatengo kwa Kijerumani. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kalamu ina mpaka. Chukua neno la Kiswahili “barabara”. Ukikazia mahali pamoja ni njia ya magari, ukikazia mahali pengine maana yake ni sawasawa. Karatasi imeandika neno moja, sikio limesikia mawili. Na Kimatengo kinakwenda mbali zaidi ya hapo, kwa sababu ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, alitaka kupima na si kusimulia tu. Alizunguka na mitambo ya kurekodia, akafika Tanganyika na Nyasaland, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Mkobani alikuwa na vyuma 54 vyenye umbo la uma. Cha kwanza kilitetemeka mara 212 kwa sekunde, cha mwisho mara 424, na kila kimoja kilizidi chenzake kwa mitetemo minne. Aligonga ufunguo wa marimba, akatafuta chuma kinacholingana nao, akaandika namba. Namba hizo zilionyesha kwamba ala nyingi za Afrika zina ngazi zake za sauti, zisizolingana na kinanda cha Ulaya. Aliyedhani fundi wa kijijini “amekosea noti” alipimiwa na kuonyeshwa kwamba fundi alijua alichokifanya.

Suala hilo lilikuwa limebisha hodi makanisani kwetu pia. Nyimbo nyingi zilikuja na tuni za Ulaya, maneno yakatafsiriwa na kupachikwa juu yake. Tuni ikipanda mahali ambapo neno linashuka, mwimbaji hutamka vibaya lugha ya mama yake mbele ya altare. Ndipo tunapomkuta Padri Stephen Mbunga wa Peramiho. Mwaka 1963 ulichapishwa Uswisi utafiti wake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Alizipitia hati za Kanisa juu ya muziki mtakatifu na kuzipima kwenye muziki wa Wabantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, iliyotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Mbunga hakuishia kwenye maandishi, kwani alitunga pia Misa Baba Yetu. Wakati ambapo wasomi wengi walioandika juu ya muziki wetu walikuwa wageni, yeye alikuwa mtu wa kusini akiandika juu ya muziki anaouimba.

Baada yake wapo wengine. Profesa Deo Ngonyani wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, alichapisha sarufi ya Chingoni mwaka 2003. Nobuko Yoneda, mwanaisimu wa Japani, alikitafiti Kimatengo kwa miaka mingi, na mwaka 2006 kitabu chake cha msamiati kikatolewa Tokyo. Upande wa ngoma, Mmarekani Stephen Hill aliandika sura kuhusu mashindano ya ngoma, usasa na uchumi Umatengo, katika kitabu “Mashindano!” cha Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2000. Sura hiyo aliipa jina la Kiswahili: “Mchezo Umelala”. Ndugu zangu, maneno hayo mawili yasomeni tena.

Sasa tumefika kwenye kompyuta. Kompyuta inaposikiliza maneno, huipima sauti mara nyingi mno, kwa kawaida mara 16,000 kwa kila sekunde. Kutoka kwenye namba hizo inaweza kuchora mstari wa toni ukipanda na kushuka kama njia ya Umatengo, au kupima ngazi za sauti za marimba bila chuma hata kimoja. Ikilishwa saa nyingi za watu wakisema, pamoja na maandishi ya walichosema, hujifunza kuandika maneno yenyewe. Mwaka 2012, kwenye mkutano uliofanyika Cape Town, watafiti Hadrien Gelas, Laurent Besacier na François Pellegrino kutoka Ufaransa walieleza jinsi walivyojenga mfumo wa namna hiyo kwa Kiswahili, wakitumia sauti za matangazo ya habari. Baadaye mradi wa Common Voice wa Mozilla uliwafungulia mlango watu wa kawaida, wakasoma sentensi za Kiswahili kwa hiari ili mashine zijifunze.

Tazameni siri ya kazi zote hizo. Kiswahili kilipata mashine kwa sababu redio zilikuwa zimekwisha kukisema, na watu wakakubali kutoa sauti zao. Hakuna hesabu, hata iwe ya ajabu kiasi gani, inayoweza kuirudisha sauti ambayo hakuna aliyeichukua. Mzee wa vibuyu akizikwa na wimbo wake haujarekodiwa, umekwenda naye.

Kwa hiyo ombi letu ni la kazi, na kazi hii haihitaji jengo. Kijana mwenye simu nzuri au kinasa sauti akae na wazee wa mganda, akina mama wa kioda, na wasimulizi wa Kimatengo, Kinyasa, Kimanda na Chingoni. Aombe ruhusa kwanza, maana wimbo una wenyewe. Aandike jina, kijiji, tarehe na maana ya maneno. Sauti itunzwe kwa ubora kamili bila kubanwa, nakala moja ibaki shuleni au parokiani, nyingine ihifadhiwe mahali pengine, na wenye wimbo wapewe yao.

Unapojaza fomu ya mchango, kumbuka kuziwekea sauti fungu. Na ukirudi likizo, usije na mfuko wa sukari tu kwa bibi. Washa kinasa sauti, umwambie aanze.