Kura Isiyopigwa

Katika Uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi ukishuka Masasi, siku ya kupiga kura aghalabu huangukia mwezi wa Oktoba, wakati watu wako mashambani wakiokota korosho. Mkulima aendaye kituoni huacha kazi isiyongoja. Kwa hiyo swali hili latuhusu sana sisi wa kusini: je, akienda au asipokwenda, hubadilika nini?

Wazee wetu wa TANU walikutana na swali la namna hiyo Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Tena haki ya kupiga kura ilitaka elimu, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa. Mkulima wa muhogo wa Newala, hata angekuwa na busara ya kuamua mashauri ya kijiji kizima, aliachwa nje. Wajumbe wengi walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki, kwani viti visingebaki vitupu; UTP, chama kilichopendwa na wakoloni, kingevikalia. Waliojiandikisha nchi nzima hawakufika 60,000, lakini kwa kura za hao wachache UTP ilianguka vibaya. Zuberi Mtemvu hakukubali uamuzi ule, akajitenga na kuunda chama chake. Mwaka 1962 aligombea urais, akapata kura elfu 21 hivi, Mwalimu akapata zaidi ya milioni 1.1. Hapo hata nusu ya watu wangelala nyumbani, mshindi angekuwa yule yule.

Lakini ushindi nao una vipimo. Mwalimu wa darasa aweza kuiandika hesabu hii ubaoni: mwaka 2005 Ndugu Kikwete alipata kura zaidi ya milioni 9.1, mwaka 2010 alipata milioni 5.3 tu. Wapinzani wake wote kwa jumla hawakuongeza hata milioni moja. Basi wengi wa waliopungua hawakuhamia kwingine, bali hawakupiga kura kabisa. Kati ya walioandikishwa zaidi ya milioni 20, waliojitokeza ni milioni 8.6 hivi. Mwaka 2015 wakajitokeza zaidi ya milioni 15. Ndugu Lowassa akapata milioni 6 na ushei, nyingi kuliko zilizompa Kikwete urais miaka mitano kabla, naye akashindwa.