Kauri za buluu na nyeupe
Kauri za buluu na nyeupe ni sahani, mabakuli na vikombe vyeupe vilivyopambwa kwa rangi ya buluu itokanayo na kobalti. Vya China ndivyo vilivyopata sifa kubwa duniani; mafundi wa Delft (Uholanzi) waliviiga tangu karne ya 17, baadaye viwanda vya Staffordshire (Uingereza).

Pwani ya Waswahili vyombo hivi vilikuwa alama ya heshima. Nyumba za Lamu vilipangwa katika vidaka vya ukutani. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Katika karne ya 19 Zanzibar ilipokea pia vyombo vya viwanda vya Ulaya, vikiwemo vya Maastricht (Uholanzi).

Wakusanyaji hutambua asili ya chombo cha Ulaya kwa muhuri wa kiwanda ulio chini yake. Wanaakiolojia hutumia hata vigae kukadiria umri wa magofu. Kwa hiyo bakuli likingʼolewa kaburini huacha tundu tu, na ushahidi wa tarehe hupotea. Nchini Tanzania mabaki ya kale hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.