Makumbi Yetu na Plastiki ya Maganda

Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa Istanbul, Elif Bilgin, alipata tuzo kwa kutengeneza plastiki kutokana na maganda ya ndizi. Vijana wanaponisimulia habari za namna hii huzifanya kuwa muujiza wa ng'ambo. Mimi huwaambia kwamba kugeuza mabaki ya tunda kuwa mali ni kazi ya kale hapa Pemba.

Tunda lenyewe ni nazi. Zikishafuliwa, makumbi hufukiwa katika mchanga au tope la pwani, maji ya chumvi yakijaa na kupwa juu yake kwa miezi mingi. Sehemu laini huoza, nyuzi hubaki. Akina mama huyafukua, huyaponda kwa magongo na kuyaosha, kisha usumba wake husokotwa kamba. Kwa kamba kama hizo ilishonwa mitepe, vyombo vilivyounganishwa bila misumari. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa katika kisiwa cha Menouthias, ambacho baadhi ya wataalamu hudhani ni Pemba.

Mitepe ilitoweka katika karne ya 20. Ikaja nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935. Mvuvi hakukosea kuichagua, maana ni nyepesi na ina nguvu. Lakini kamba ya makumbi ikipotea baharini huoza, na ya nailoni huendelea kunasa samaki na kasa. Mifuko ya plastiki nayo ilipokithiri, Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara.

Basi plastiki ya maganda tuipokee, lakini kwa maswali mawili. La kwanza: itaozea wapi? Ile ya wanga hulegea kwa unyevu. Nyingine, itokanayo na sukari ya mahindi au miwa, huhitaji joto la nyuzi 60 hivi ili ioze upesi, na bahari yetu haina joto hilo. La pili: itamlipa nani? Kamba ya makumbi ilimpa mwanamke wa pwani fedha ya mkononi mwake. Kiwanda kitakachochukua maganda yetu bure na kuturudishia mifuko kwa bei kitakuwa kimeondoa taka, lakini umaskini kitatuachia.