Kisa cha Ngarambe na Wasimuliaji Wake

Kutoka kwetu Chumbi hadi Mohoro si mbali. Msafiri anayeshika barabara ya kusini akitokea Kibiti hupita Ikwiriri, huvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, kisha hukazana kuelekea Somanga na Lindi. Aghalabu hajui kwamba amepita karibu na mahali ambapo tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, pamoja na msaidizi wake. Kumbukumbu kubwa za Vita vya Maji Maji hufanyika Songea kila Februari, na wana haki nazo, maana Wangoni walinyongewa viongozi wao huko. Ila moto uliwashwa huku kwetu.

Nilifundisha Historia na Kiswahili katika shule za sekondari, kisha nikamalizia utumishi wangu katika chuo cha ualimu. Kipindi cha asubuhi nilifundisha sababu za Vita vya Maji Maji. Kipindi cha alasiri nilifundisha mbinu za usimulizi: msuko, nafsi ya msimulizi, taharuki, kinaya. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba vipindi hivyo viwili vilikuwa somo moja.

Jambo lililonizindua ni kicheko. Kila mwaka, nilipofika kwenye maji ya Kinjikitile, darasa la Historia lilicheka. Mwanafunzi mmoja alisema wazi, bila nia mbaya, kwamba babu zetu walidanganywa kama watoto wadogo. Nilimkemea, lakini nilipokwenda nyumbani nikayatazama maandalio yangu ya somo, nikaona kosa ni langu. Nilikuwa nimepanga habari kama vitabu vyetu vinavyopanga: sababu, kuenea, kushindwa, matokeo. Mwanafunzi anafungua ukurasa hali ameshajua kwamba risasi haikugeuka maji. Amekaa mwisho wa hadithi, juu kabisa, anawatazama watu wa mwaka 1905 wakitembea kuelekea shimo analoliona yeye tu. Aliyekalishwa pale atafanya nini zaidi ya kucheka? Mpangilio ule wa vichwa vinne nao ni mbinu ya usimulizi, ingawa hatujauita hivyo.

Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyetawala wakati vita vilipozuka, alichapisha kitabu chake juu ya vita hivyo mwaka 1909. Kichwa chake tu kinaita tukio lile uasi, na neno hilo likishatamkwa, mwenye haki na mkosaji wamekwisha kugawanywa kabla ya sentensi ya kwanza. Msimulizi wake yuko juu ya ramani: vikosi vinasonga, boma linashambuliwa, wilaya inatulizwa. Kuchoma mashamba na maghala kunakuwa hatua ya kijeshi, na njaa iliyofuata inakuwa silaha iliyofanya kazi. Msomaji haingii jikoni kwa mtu. Serikali ile ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria baadaye kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Tofauti hiyo inatokana kwa sehemu na mahali anaposimama anayehesabu.

Upande wetu wa lugha, aliyetangulia ni Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyevitungia vita hivyo utenzi. Yeye ni mtu wa mji wa pwani, na anatazama kutoka pwani. Sitakaa sana hapa, ila niseme kwamba bahari ya utenzi ina nguvu yake: kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti humsukuma msikilizaji mbele, hata palipo na msiba hapati nafasi ya kukaa akalia.

Sasa nije kwa wazee. Miaka ya 1960 Gwassa, naye mtu wa Umatumbi, alizunguka Umatumbi na Rufiji akiwasikiliza waliokuwa wangali hai. Sehemu ya kazi hiyo aliichapisha pamoja na John Iliffe mwaka 1968. Simulizi za wazee hao hazianzi na kodi wala pamba, japokuwa pamba wameilalamikia sana. Zinaanza na kiziwa cha maji Ngarambe. Kinjikitile anashikwa na pepo Hongo, anakwenda kwa tumbo hadi majini, ndugu wanajaribu kumzuia, anazama. Watu wanangoja. Wanalala. Siku ya pili anatoka, na nguo zake ni kavu.

Tazama, ndugu msomaji, kazi ya ule usiku mmoja wa kungoja. Msimulizi hasemi kama Hongo yuko au hayuko. Anakuketisha ukingoni pamoja na wale ndugu, nawe hujui atatoka au amekufa maji. Anapotoka unapumua nao, na pumzi hiyo ndiyo inayokufanya uelewe kwa nini watu walikuja kutoka mbali kuyafuata maji yake, na kwa nini Julai 1905 watu wa Nandete walithubutu kung'oa miche ya pamba ya serikali.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliichukua habari hiyo akaandika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Irabu alizozibadili katika jina ni onyo: huyu ni mhusika wa sanaa, si yule aliyezikwa. Anafungua kwa wanawake wawili wanaozungumza juu ya njaa, na shujaa hatumwoni mapema. Anapotoka majini na kutangaza ujumbe, ndani yake mna ahadi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia, baadaye Kinjeketile mwenyewe anashtuka, maana kumwondoa Mjerumani ili kumrudia Sultani si uhuru. Kinaya hicho hakimcheki aliyeamini. Kinamuumiza aliyeaminiwa.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi ni ya wakati. Kinjikitile wa historia alinyongwa vita vikiwa vichanga mno, kabla Ungoni hakujawaka. Hakuona maji yakishindwa. Hussein anamwacha hai mpaka baada ya kushindwa, anamtia kifungoni pamoja na Kitunda, kisha anampa swali ambalo historia haikupata nafasi ya kumuuliza: akiri kwamba maji yalikuwa uongo, au anyamaze? Anakataa kukiri, kwa sababu adui atalitumia kukiri kwake kuwaambia watoto kwamba kupigana kulikuwa makosa. Wapo walimu wenzangu waliolaumu kuvurugwa kwa tarehe. Mimi naona Hussein alikuwa karibu na ukweli kuliko maandalio yangu. Imepokewa kwamba Kinjikitile wa kweli, alipokuwa anakabili kitanzi, alisema kufa kwake hakubadili kitu, kwani dawa ilikwisha fika Kilosa na Mahenge.

Mwaka uliofuata niligeuza somo. Nilianza na kiziwa, nikasoma polepole, kisha tukaigiza tamthilia darasani, na vichwa vinne nikavitoa siku ya mwisho kabisa. Hakuna aliyecheka. Binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, yeye mwenyewe aliamini?" Nilimwambia sina jibu, na darasa likabishana mpaka kengele ikalia.

Bibi yangu hakuhitaji chuo kulijua hili. Hadithi za sungura na fisi alizianza kwa "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitikia. Hii ya Ngarambe aliianza bila kiitikio, kwa sauti ya chini, nasi tukajua kwamba si ngano. Na kila mara aliishia palepale. Nilipomuuliza, "Kisha, bibi?" alijibu, "Kisha akatoka, nguo kavu," akainuka kwenda kutazama chungu chake.