Mvua, Mwami na Mbegu: Kaya za Wakulima wa Kirumba

Kirumba imo katika eneo la Lubero, kusini mwa Butembo, karibu na mstari wa ikweta. Mkulima wa huko ana misimu miwili ya mvua: mmoja huanza mnamo Machi, wa pili kati ya Agosti na Septemba. Hiyo ni kalenda tu. Mvua huweza kuchelewa, au kunyesha siku chache na kukatika maharagwe yakiwa yameota. Hasara ya namna hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana mbegu imekwisha kuliwa na ardhi.

Zamani jambo hili lilikuwa la utawala pia. Randall Packard, katika kitabu chake *Chiefship and Cosmology* (1981), aliwachunguza Bashu, Wanande wa milima ya Mitumba upande wa Beni. Mwami wao alitazamiwa kuwaunganisha wajuzi wa mvua na wa ardhi. Ukame ulipozidi, yeye ndiye aliyeonekana kushindwa, na wapinzani wake wakapata nafasi.

Hata hivyo, ibada haikuchukua nafasi ya jembe. Kaya ilitawanya hatari: vishamba kadhaa katika miinuko mbalimbali, maharagwe na mahindi katika tuta moja, magimbi bondeni penye unyevu, migomba karibu na nyumba. Mbegu haikupandwa yote kwa siku moja. Iliyobaki ilitunzwa, na aliyekosa aliazima kwa ndugu.

Yote hayo yalihitaji nafasi na muda, na vyote viwili vilipunguzwa. Hifadhi ya Albert, iliyoundwa mwaka 1925 na kupanuliwa baadaye, ilifunga tambarare za Ziwa Edward. Sheria ya 1917 ya kilimo cha lazima ilimruhusu mtawala kudai hadi siku 60 za kazi kwa mwaka, bila kujali kwamba siku ya kwanza ya mvua haingoji. Kwa kinaya, utawala huohuo ulihimiza muhogo kuwa akiba ya njaa, nao muhogo, unaoweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka, ukawafaa wengi.

Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliteka Kanyabayonga, kisha Kirumba. Aliyekimbia siku zile aliacha nyuma maharagwe ya msimu uliokuwa ukiisha, na ndani yake mbegu ya Septemba.