Chekeche la Eksomu

Rafiki zangu wa kozi nyingine mmenichosha na swali moja: "Hivi nyie mnasomea vinasaba kwenye kompyuta, mnafanya nini hasa?" Haya, leo nawapa historia kidogo.

Vinasaba vya mtu vina herufi kama bilioni 3. Sehemu yenye maelekezo ya kutengeneza protini ni kama asilimia 1 tu, nayo ndiyo inaitwa eksomu. Hitilafu nyingi zinazojulikana za magonjwa ya kurithi zimo humo. Kwa hiyo jamaa wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, wakaona hakuna haja ya kusoma yote. Mwaka 2009 timu ya Jay Shendure ilitoa eksomu za watu 12. Wanne walikuwa na ugonjwa ambao jeni yake ilishajulikana, ili waone kama njia yao ingeifikia. Ikaifikia! Mwaka 2010 wakatangaza jeni ya ugonjwa wa Miller, iliyokuwa haijulikani kabisa, kwa kutumia wagonjwa 4 tu.

Waliwezaje? Ni mlolongo wa programu, moja inapokea kazi ya mwenzake. Mashine inatoa mamilioni ya vipande vifupi. Programu ya kwanza inapanga kila kipande mahali pake kwenye jenomu ya rejea. Ya pili inatafuta herufi zilizo tofauti. Ya tatu inachekecha: tofauti inayoonekana kwa watu wengi wazima inatupwa.

Kwenye kupanga, BWA ya Heng Li na Richard Durbin ilitoka 2009. Kumbe ndani yake kuna ujanja wa Burrows na Wheeler wa mwaka 1994, uliobuniwa kwa ajili ya kubana mafaili! Ndio huohuo ulioko kwenye bzip2. Mwaka 2010 ikaja GATK ya Taasisi ya Broad, Marekani, ya kutafuta tofauti.

Sasa hapo kwenye chekeche ndipo penye utata, jamani. Utajuaje tofauti fulani ni ya kawaida? Unaangalia orodha ya watu waliokwisha kusomwa. Sisi Waafrika tuna tofauti nyingi kuliko watu wa mabara mengine, lakini orodha zilijaa Wazungu. ExAC, iliyochapishwa 2016, ilikuwa na watu 60,706. Wenye asili ya Afrika, pamoja na Wamarekani weusi, walikuwa kama 5,200.

Hii si hesabu tu. Mwaka huohuo wa 2016 watafiti wa Harvard walionyesha kuwa kuna Wamarekani weusi walioambiwa wana hitilafu ya ugonjwa wa misuli ya moyo, kumbe tofauti zenyewe ni za kawaida kwa watu weusi. Wakaonyesha pia kwamba hata weusi wachache tu kwenye kundi la kulinganishia wangetosha kuzuia kosa hilo. Wachache tu!

Ndiyo maana nawaheshimu sana Waluhya wa Webuye, Kenya, waliojitolea damu ikaingia kwenye mradi wa Jenomu 1000, uliokamilika 2015 ukiwa na watu 2,504. Programu zipo, tena nyingi ni za bure. Lakini chekeche lililofumwa kwa unga wa wengine, wa kwetu litauacha na pumba. Kulifuma upya ni kazi yetu sisi tulioko madarasani.

Haya wadau, tuonane wiki ijayo.